Juu ya Kurudia Mtihani

Jumapili moja baada ya ibada kijana wa usharika wetu hapa Unguja alitujia, akasimama kando hata watu walipokwisha kutawanyika, ndipo akatuuliza: "Baba Mchungaji, je, ni kosa mbele ya Mungu kurudia mtihani ambao mtu amekwisha kuufaulu?"

Sisi tulidhani kwamba atatuuliza juu ya ndoa, maana vijana wangojeapo namna ile, mara nyingi neno lao ni hilo. Tukacheka kidogo, na kucheka kwetu kulikuwa kosa letu la kwanza. Habari yake ni hii, nasi twaieleza kwa ruhusa yake na ya wazazi wake, ila majina tumeyaacha.

Kijana huyu alimaliza Kidato cha Sita katika masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Katika Biolojia alipata B, katika Kemia D, na katika Fizikia E. Wasomaji wetu waliosoma zamani huenda hawaijui hesabu ya siku hizi: A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2, na E 1, na mtu apataye jumla ya 4 katika masomo mawili amefikia kiwango cha chini cha kuombea chuo kikuu katika nchi yetu. Basi alikuwa amekifikia kiwango hicho na kukipita, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilikuwa kimekwisha kumpa nafasi ya kujifunza ualimu. Lakini yeye tangu utoto alitaka kuwa tabibu, na macho yake yalikuwa yakielekea Muhimbili, kule Dar es Salaam, ambako waombao ni wengi na nafasi ni chache. Kwa E ile ya Fizikia hakuwa na tumaini. Kwa hiyo alitaka kuiacha nafasi aliyopewa, akae nyumbani mwaka mzima, asome tena, na kufanya mtihani mara ya pili kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Tulimwuliza kama siku ya Fizikia alikuwa mgonjwa. Akasema, "La, Baba Mchungaji. Nilidhani najua." Jibu hilo lilitupendeza kwa sababu lilikuwa la kweli. Walakini tulimjibu upesi kama mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Tulimkumbusha alivyomwandikia Mtume Paulo mwanawe Timotheo juu ya utauwa pamoja na kuridhika (1 Tim. 6:6). Tukamwambia kwamba ualimu ni wito wa heshima, na kwamba mtaka yote hukosa yote. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Tulikula chakula cha mchana kwa raha, lakini raha ile haikudumu hata jioni. Maana sisi wenyewe tulirudia mtihani. Ilikuwa kule bara, katika ujana wetu, kabla hatujaingia chuo cha theolojia. Mara ya kwanza, Kidato cha Nne, alama zetu hazikutosha. Baba yetu akauza ng'ombe, tukapewa mwaka wa pili, na mwaka huo wa pili ndio uliotufikisha hapa tulipo. Neno tulilomkataza kijana ndilo lililotupandisha madhabahuni. Hapo ndipo tulipoona kwamba swali lake lastahili kufikiriwa kuliko tulivyolifikiria mlangoni pa kanisa, nasi twaliandika hapa kwa kuwa twajua kwamba makatekista na wazee katika sharika nyingine wanaulizwa vivyo hivyo.

Kwanza yatupasa kujua mtihani ni kitu gani. Hapo kale watoto wa Unguja na wa bara walifanya mitihani ya Cambridge, na karatasi zao zikapelekwa Uingereza kusahihishwa. Baadaye likawako Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likawekwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hata leo skuli za Unguja na Pemba (hapa twasema skuli, si shule) hufanya mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita wa Baraza hilo hilo. Matokeo yatokapo, mtaa mzima huyangojea. Tumeona mama akianguka chini kwa furaha, na tumeona kijana akijificha siku tatu asionekane hata kisimani. Watu huyapokea kana kwamba ni hukumu itokayo juu.

Lakini na wakumbuke mwaka 2013. Mwezi wa Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mtihani wa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ikalia. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei serikali ikayafuta matokeo yale, ikaagiza alama zipangwe tena kwa utaratibu uliotumika kabla yake. Yalipotoka mara ya pili, wengi walioitwa wamefeli wakawa wamefaulu, wala hapana hata mmoja wao aliyeandika neno jipya. Karatasi ni zile zile, na wino ni ule ule. Hatusemi haya kwa kulilaumu Baraza, maana kupima akili za watu wengi hivyo ni kazi ngumu kuliko kuhubiri. Twasema tu kwamba alama ni kipimo cha wanadamu, nacho chaweza kutazamwa tena. Mtu asemaye kwamba kurudia mtihani ni kumpinga Mungu aliyekwisha kuamua, amemtwika Mungu kazi ya msahihishaji.

Tena Maandiko hayaoni haya kumpa mtu nafasi ya pili. Yohana Marko aliwaacha wenzake katika Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipofika Paulo hakutaka kumchukua, naye Barnaba alitaka, wakashindana hata wakatengana (Mdo. 15). Katika shindano lile, sisi twaona Barnaba alikuwa na haki. Na Paulo mwenyewe mwisho wa maisha yake aliandika kwamba Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika kazi. Kama ingalikuwa hukumu ya mara ya kwanza haifutiki, Marko angalibaki nyumbani kwa mamaye. Wahenga nao walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi kurudia si dhambi. Kijana wetu, hata hivyo, hakuwa kama Marko. Yeye hakuanguka, alifaulu, akataka kufaulu zaidi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kutaka zaidi ni nini? Ni bidii, au ni tamaa iliyovaa nguo za bidii?

Tulipofikiri sana tuliona kwamba jibu lategemea kile kinachoongezeka. Mtu aweza kurudia ili ajue, na mtu aweza kurudia ili tarakimu ibadilike. Kwa mbali mambo haya hufanana. Kule Marekani wako vijana waombao vyuo vyenye sifa kubwa, nao hufanya mtihani uitwao SAT, ambao alama zake huanzia 400 hata 1600. Wengi huufanya mara mbili, na wengine mara tatu, kila mara kwa kulipa ada tena. Vyuo vingi huchukua alama bora ya hesabu kutoka siku moja, na alama bora ya kusoma kutoka siku nyingine, vikaziunganisha. Hivyo hupatikana mwanafunzi ambaye hakuwako siku yo yote, ameshonwa kama kanzu ya vipande. Vyuo vingine hukataa, hutaka kuona alama zote za mara zote, nasi twaona hivyo ni afadhali, maana ukweli wote husemwa. Wakati wa maradhi ya korona vyuo vingi viliuacha mtihani huo. Chuo cha MIT kikaurudisha mwaka 2022, na Harvard mwaka 2024. Twataja haya kwa sababu wako vijana wetu wadhanio kwamba mambo ya kurudia ni ya maskini waliofeli tu. Sivyo. Aliye na fedha hurudia zaidi, na hakuna amwitaye mjinga.

Kwa tabibu lakini jambo ni jingine. Mgonjwa aliyelala kitandani hamwulizi daktari, "Fizikia uliipata mara ya kwanza au ya pili?" Ataka tu kwamba ajue. Kijana akitumia mwaka mzima kujifunza kile alichodhani anakijua, basi kitu kimeongezeka duniani, na mwaka haukupotea. Twamwona huyo ni mwaminifu kuliko aliyepita mara ya kwanza kwa kukariri, akasahau wiki ile ile. Tukamwuliza baadaye hivi: "Mwanangu, kama ungeambiwa kwamba utajifunza Fizikia yote mwaka huu, ila hakuna mtu atakayeisahihisha wala kuitangaza, je, ungejifunza?" Akafikiri kitambo, akasema, "Nusu yake." Tulipenda jibu hilo pia.

Lakini je, mara ngapi? Bwana wetu alitoa mfano wa mtini usiozaa (Luka 13). Mwenye shamba alikuja miaka mitatu asione tunda, akataka ukatwe. Mtunza shamba akaomba uachwe mwaka mmoja tena, hata aupalilie na kuutia samadi. Hakuomba miaka kumi. Wala Bwana hakutuambia kama ule mti ulizaa. Hapa kwetu Bweleo kilifunguliwa mwaka 2023 chuo cha IIT Madras, tawi la kwanza la vyuo hivyo nje ya India, na kule India kwenyewe aombaye vyuo hivyo huruhusiwa kuufanya mtihani wao mkubwa mara mbili tu, katika miaka miwili inayofuatana. Wengi huko huona kanuni hii ni kali. Sisi twaona ina huruma ndani yake, maana yamwambia kijana siku ambayo atakuwa huru.

Asiyekuwa na siku hiyo huweza kupotea. Katika China ya kale wasomi walifanya mitihani ya serikali mwaka baada ya mwaka hata ndevu zikawa nyeupe. Mmoja wao, Hong Xiuquan, alikwenda mara nne katika mji wa Guangzhou, asifaulu hata mara moja. Baada ya mara ya tatu, mwaka 1837, aliugua, akaona maono. Baada ya mara ya nne, mwaka 1843, akasoma vijitabu vya Injili vilivyoandikwa na mwinjilisti Mchina, Liang Fa. Lakini aliyasoma kwa moyo uliojeruhiwa, akatoka humo akisema kwamba yeye ni mdogo wake Yesu Kristo. Vita alivyovianzisha vilidumu hata mwaka 1864, na waliokufa wahesabiwa kuwa milioni 20 na zaidi. Hatusemi kwamba arudiaye Fizikia atapigana vita! Ila sisi tulio wa kanisa tuna sababu ya kuitetemekea habari hii, maana mtu yule alikuwa na Neno mkononi, na hapakuwa na mtu wa kukaa naye alipofeli.

Na Luther je? Mwaka 1502, huko Erfurt, katika mtihani wa shahada ya kwanza, Martin Luther alikuwa wa 30 katika watu 57. Wanafunzi wetu wa kipaimara hawaambiwi jambo hili, labda kwa kuogopa wasije wakalegea. Yeye hakukaa chini kuusafisha mtihani ule. Aliendelea mbele, na mwaka 1505, katika mtihani wa shahada ya pili, akawa wa pili katika 17. Kwa hiyo iko njia nyingine ya kurekebisha alama, nayo ni kuiacha nyuma. Mwalimu wa skuli aweza kuwa mwalimu bora wa Biolojia Unguja nzima, na E yake ya Fizikia ikalala kabatini mpaka ikaliwa na mchwa. Tulimweleza kijana hivyo. Akasikiliza, wala hakushawishika, nasi hatukumlazimisha.

Tumesema mengi juu ya kijana. Lakini turudi kwenye ule mtini. Mwaka uliongezwa, naam, lakini nani aliyepalilia? Nani aliyebeba samadi? Mwaka wa pili haushuki kutoka mbinguni bure. Mtu fulani huubeba. Na katika nyumba zetu aubebaye mara nyingi hakai mezani wakati wa shauri.

Mwaka ule tuliporudia mtihani sisi, umbu letu mdogo alikuwa amemaliza darasa la saba, naye alikuwa na akili kutupita. Ng'ombe alikuwa mmoja. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na machozi tuliyoyaona. Alibaki tu nyumbani, akamsaidia mama shambani, na baada ya miaka michache akaolewa. Hatukumwuliza neno lo lote. Tulimpelekea leso tulipobarikiwa kuwa mchungaji. Juzi, kwa ajili ya habari hii, tulimpigia simu tukamwuliza kama alipenda kuendelea na masomo mwaka ule. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mambo hayo ni ya zamani, akatuuliza kama huku Unguja mvua zimeanza.

Ndipo tulipokwenda wenyewe kwenye karakana ya baba wa kijana, karibu na Darajani. Yeye ni seremala, hutengeneza vitanda na milango. Mkewe hukaanga mihogo na samaki jioni mtaani. Tulimkuta akipiga randa. Tulipomweleza shida yetu, aliweka randa chini, akasema: "Baba Mchungaji, ubao ukipasuka, fundi hutafuta ubao mwingine, wala haoni aibu. Lakini ubao una bei." Tukamwuliza bei hii ataitoa wapi. Akasema kwamba binti yake amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada yake ilikuwa imekwisha kuwekwa akiba. Ataingoja mwaka mmoja, kaka yake asome.

Binti alikuwapo, ameleta chai. Tukamgeukia, tukamwuliza, "Nawe, mwanangu, umekubali?" Akatazama chini, kisha akamtazama baba yake. "Mimi sikuulizwa, Baba Mchungaji. Nilisikia tu kwamba ada yangu itangoja."

Palikuwa na kimya katika karakana ile. Baba yake si mtu mbaya; ni mtu mwema kuliko wengi, na hakika hakuwa amefikiri kwamba pana jambo la kuuliza. Kijana naye, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakujua kabisa kwamba fedha yake ilitoka huko. Uso wake ulibadilika. Tulimtambua vema, maana ulikuwa uso wetu wenyewe wa zamani, ila yeye aliambiwa kwa wakati.

Shauri lilichukua jioni tatu, nasi hatutalieleza lote. Binti amekwenda chuoni muhula huu, ada yake ikiwa kamili. Kijana aliiandikia skuli kuu yake barua mapema ya kuiacha nafasi ya ualimu. Juu ya hilo tulikuwa wakali, kwa sababu wako waingiao chuoni, wakakalia kiti miezi michache, wakaondoka, na kiti kile hakijazwi na mtu mwaka mzima, huku mwenzao aliyekikosa yuko nyumbani. Asubuhi hufanya kazi karakanani kwa ujira, na kwa ujira huo amelipa mwenyewe ada ya mtihani. Ameahidi mbele ya baba yake kwamba ni mara hii moja tu. Ikishindikana, ataomba ualimu tena, pasipo kulalamika. Nambari yake ya mtihani sasa huanza na herufi P, ya watahiniwa wa kujitegemea, badala ya S ya skuli. Mwanzoni aliificha herufi ile, sasa ameizoea.

Mtihani ni mwezi wa Mei. Usiku husoma katika ofisi ya usharika, maana kwao kuna kelele. Mzee mmoja wa kanisa amelalamika juu ya gharama ya umeme, akisema kwamba sadaka ya washarika haikutolewa kwa ajili ya Fizikia. Tumemwomba alilete neno hilo katika baraza la wazee la mwezi ujao, na hata baraza litakapoamua, taa itawaka.